Kilengeo cha nukta nyekundu kwa Glock 19 MOS: RMR, 507C au ACRO, na ziro iwekwe mita ngapi?

Mlengaji_Kiambu

Ndugu wanachama, nina Glock 19 MOS (yaani slaidi yake, kile chuma cha juu kinachorudi nyuma, imekatwa kiwandani ili ipokee kilengeo juu ya bamba) ninayoshindania IDPA, mashindano ya bastola za kujihami, pale Kirigiti, na nimeamua kuhamia Carry Optics, daraja la bastola zenye vilengeo vya nukta, kwa sababu macho yangu, ambayo yamekwisha kuvuka miaka hamsini, hayawezi tena kuiona ncha ya mbele na shabaha kwa wakati mmoja. Nimebakiwa na vilengeo vitatu vya kuchagua. Cha kwanza ni Trijicon RMR, ambacho nimekishika mkononi na kukiona kigumu kama jiwe. Cha pili ni Holosun 507C, chenye nukta ya MOA 2 (MOA ni kipimo kidogo cha pembe) na duara la MOA 32 linaloweza kuwashwa au kuzimwa. Cha tatu ni Aimpoint ACRO P-2, ambacho taa yake imefungiwa ndani ya kisanduku chenye vioo mbele na nyuma. Naomba walio na uzoefu wanisaidie katika mambo mawili: kipi kinafungika vizuri zaidi juu ya slaidi ya MOS, na ziro, yaani umbali ambao risasi hupiga pale pale nukta inapoonyesha, niiweke mita ngapi.

Fundi_wa_Slaidi

Mzee wangu, umeanza na vilengeo, lakini mimi ningeanza na kile kitakachokaa chini yake. Katika bastola zenye nukta zinazoletwa kwangu kwa malalamiko kwamba "ziro inahama", mara nyingi kilengeo chenyewe ni kizima, na tatizo liko kwenye bamba au skrubu.

RMR na 507C zina unyayo mmoja, yaani matundu ya skrubu na vishimo vya chini vimepangwa kwa namna ileile, kwa hiyo bamba moja linazifaa zote mbili. Kwa mabamba yanayokuja na MOS, hilo ni namba 02. ACRO ina unyayo wake wa peke yake, unaoshikwa kwa kubanwa kutoka ubavuni, na kwa bastola yako itakubidi kununua bamba lingine. Chagua bamba la chuma lenye vigingi viwili vinavyoingia kwa kubana katika vishimo vya kilengeo. Kila risasi inapotoka, slaidi hurudi nyuma kwa kishindo na kilengeo hutaka kubaki kilipokuwa, na nguvu hiyo inapaswa kupokelewa na vigingi, huku kazi ya skrubu ikiwa kukandamiza chini tu. Vigingi vikilegea, skrubu ndizo zinazokatwa polepole kutoka ubavuni, na siku moja utaona nukta imelala upande.

Kuhusu kufunga: toa magazini, kagua chemba kwa jicho na kwa kidole, na risasi zote zitoke katika chumba unachofanyia kazi. Safisha matundu na skrubu kwa spiriti mpaka mafuta yaishe kabisa, kwa sababu gundi ya skrubu haishiki penye mafuta. Tumia gundi ya buluu, tone dogo kwenye meno ya skrubu, wala usiimimine ndani ya tundu, kwani ziada itapanda hadi kwenye kioo au taa. Gundi nyekundu iache, maana kuifungua hutaka moto, na moto na vifaa vya elektroniki havipatani. Kaza kwa bisibisi yenye kipimo: kwa RMR mtengenezaji anataka inchi-pauni 12, ambazo ni takribani Nm 1.4, yaani kidogo kuliko wengi wanavyodhani. Kwa vilengeo vingine fuata kijitabu chake. Kisha chora mstari mwembamba wa rangi kutoka kichwa cha skrubu hadi mwilini mwa kilengeo, ili skrubu ikisogea uione kabla hujaharibikiwa mashindanoni.

Jambo moja wengi hawalijui: katika Glock, tundu la skrubu la upande wa kulia liko juu ya njia ya kijiti kinachosukuma kitoa-ganda. Skrubu ikiwa ndefu kupita kiasi itakibana kijiti hicho, na bastola itaanza kukwama huku wewe ukilaumu risasi. Baada ya kufunga, hakikisha kitoa-ganda bado kinacheza.

Binti_wa_Ngong

Naunga mkono ya fundi, ila nisingependa suala la taa iliyo wazi, kama ya RMR na 507C, lipitwe hivi hivi. Nilipiga mashindano msimu wa masika nikiwa na kilengeo cha taa wazi, tone moja la mvua likatua juu ya LED, na badala ya nukta nikaona kama kibatari ndani ya ukungu. Vumbi la Kajiado nalo hufanya hivyohivyo, ingawa taratibu. Kilengeo kilichofungwa kama ACRO hakina shida hiyo, kwa sababu maji yakiingia huishia kwenye kioo cha nje, nawe unayafuta kwa kidole. Gharama yake ni uzito: ACRO P-2 ina takribani gramu 60, na RMR ni kama gramu 34.

Hata hivyo, kufungwa si dawa ya ukungu. Ukitoka kwenye gari lenye kiyoyozi ukaingia joto la Mombasa, kioo cha nje kitatoka jasho, kiwe cha aina yoyote.

Mswahili_Houston

Salamu kutoka Texas. Nashangaa hakuna aliyetaja kuchonga slaidi yenyewe. Huku wengi wetu tunaipeleka slaidi kwa fundi wa mashine, anachimba kitako cha unyayo wa kilengeo kimoja moja kwa moja ndani ya chuma, na bamba linaondoka kabisa. Kilengeo hukaa chini zaidi, na vile vilengeo vya kawaida vya chuma vya bastola unaweza kuviona ndani ya kioo endapo betri itakufa.

Fundi_wa_Slaidi

Ndugu wa Houston, kwa ubora wa kushikana sikupingi. Lakini slaidi ya Glock ina namba ya usajili, na hapa Kenya silaha ya mwenye cheti si kitu cha kupeleka kwenye karakana yoyote yenye mashine ya kuchonga. Kazi hiyo ni ya fundi mwenye leseni. Isitoshe, ukishachonga kwa unyayo mmoja umefunga ndoa na kilengeo hicho. Mzee tayari ana MOS, basi atumie bamba zuri. Ushauri wako ungemfaa zaidi mwenye slaidi ya kawaida.

Mswahili_Houston

Nimekubali, hasa hilo la ndoa. Kuhusu betri: kwa RMR ya kawaida betri ya CR2032 iko chini, hivyo lazima ukifungue kilengeo ili kuibadilisha, na baada ya kukifunga tena huna budi kuhakiki ziro. 507C ina kidroo ubavuni, na ACRO P-2 nayo hubadilishwa bila kukiondoa.

Hesabu_za_Risasi

Nami nijibu swali la pili, ambalo naona limesahauliwa. Nukta inakaa kama sentimita 2.5 juu ya mstari wa kasiba, na risasi ya milimita 9 inayotoka kwa kasi ya mita 345 kwa sekunde hushuka karibu nusu sentimita ifikapo mita 10, na zaidi ya sentimita 2.5 ifikapo mita 25. Ukipiga hesabu, ziro ya mita 10 itapandisha pigo lako sentimita 2 hivi juu ya nukta katika mita 25. Ziro ya mita 25 itakushusha chini ya sentimita moja katika mita 10. Ziro ya mita 15 iko kati: katika mita 10 uko chini kwa kama milimita 6, katika mita 25 uko juu kwa kiasi hichohicho, na katika mita 5 uko chini kwa sentimita moja na nusu.

Kwa IDPA, ambako shabaha nyingi ziko karibu, mimi huchagua mita 15 bila wasiwasi. Wanaosema mita 25 ndiyo pekee ya haki wana hoja kwamba kosa dogo huonekana vizuri kwa mbali, lakini hoja hiyo inamfaa mwenye mkono wa kuweka kundi dogo la matundu katika umbali huo. Mwenye kundi pana atakuwa anafukuza kivuli chake kwa kliki, yaani hatua za skrubu ya marekebisho.

Piga risasi tano ukiwa umeegemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, tafuta kitovu cha kundi, na usirekebishe kwa risasi moja. MOA 1 ni milimita 29 katika mita 100, kwa hiyo katika mita 15 ni milimita 4.4, na RMR na 507C husogea MOA 1 kwa kila kliki. Mshale ulioandikwa juu ya skrubu ya marekebisho huonyesha upande pigo litakakoelekea. Nukta yenyewe utaiona ikienda kinyume, usishtuke.

Binti_wa_Ngong

Na punguza mwanga kabla ya kuanza. Nukta inayowaka mno hutanuka na kufunika kitovu cha shabaha. Ukiiona kama nyota au alama ya mkato, ipige picha kwa simu kupitia kioo: ikiwa picha inaonyesha duara safi, kasoro iko kwenye jicho, na wa kumwona ni daktari wa macho.

Mlengaji_Kiambu

Ahsanteni nyote. Nimechukua 507C kwa sababu ya kidroo cha betri, na kwa sababu bei ya ACRO pamoja na bamba lake ingeleta maswali nyumbani. Nimeifunga juu ya bamba la chuma lenye vigingi. Katika mita 15 kundi la kwanza lilitua sentimita 3 kushoto na 2 chini.

Fundi_wa_Slaidi

Kushoto na chini kwa mtu wa mkono wa kulia? Kabla hujagusa kliki, mpe mwingine apige.

Mlengaji_Kiambu

Hilo nililifikiria, mkuu. Kijana wangu wa klabu alipiga tano, naye akatua kushoto vilevile, lakini yeye hakushuka. Kwa hiyo nilirekebisha kliki 7 kulia tu, na ule ushukaji nikaukubali kuwa wa kidole changu. Baada ya risasi 100 mistari ya rangi haijasogea. Kuhusu ile milimita 6 ya mita 25, kundi langu la umbali huo bado ni pana kama kisahani cha chai, hivyo sina namna ya kuiona.