Pokémon kizazi cha 9: nani kapanda, nani kashuka?

mgeni_wa_Paldea

Wakuu, habari za humu. Naingia Pokémon Scarlet (mchezo wa kizazi cha 9) nikitokea Sword (wa kizazi cha 8). Timu niliyonayo ni ya kizazi cha 8: Rillaboom, Regieleki, Cinderace, Toxapex, Amoonguss na Dragonite. Najua Dynamax (kumkuza Pokémon awe jitu kwa zamu chache) haipo tena na sasa kuna Tera (kumbadilishia aina katikati ya mechi), ila sijajua kati ya hawa nani bado analipa na nani kabaki jina tu. Nacheza zaidi wawili kwa wawili, mmoja kwa mmoja mara chache. Naomba namba, "huyu mkali, yule mbovu" hainisaidii. Na wapya ni akina nani, ambao nisipojiandaa nitakuwa napigwa kila siku?

KasiNdogo

Karibu mkuu. Tuanze na kilichoondoka, maana hicho ndicho kimewapandisha na kuwashusha wengi kuliko hata namba zao wenyewe. Aliyekuwa kwenye Dynamax hakushtuliwa na Fake Out (pigo la haraka linalomfanya adui apoteze zamu), na Max Airstream, pigo la Dynamax, ilipandisha kasi ya upande mzima huku ikipiga. Vyote hivyo kwisha. Kasi imerudi mikononi mwa Tailwind (inaongeza kasi ya upande wako), Icy Wind (inashusha ya adui) na Trick Room (wa polepole ndio wanatangulia), na Fake Out inamkamata karibu kila mtu isipokuwa wa aina ya Ghost, mwenye uwezo wa Inner Focus au aliyeshika kifaa cha Covert Cloak.

Tera ni mara moja kwa mechi. Pigo la aina yako ya asili lina x1.5 kama zamani. Ukifanya Tera ya aina ambayo tayari unayo, inakuwa x2. Ukifanya ya aina ngeni, hiyo mpya inapata x1.5 na zile za asili zinabaki na x1.5 zao. Huo ni upande wa kushambulia. Kwenye kujilinda hesabu inabaki ya aina mpya peke yake, na hapo ndipo wengi wanaumia.

Sasa timu yako. Toxapex kashuka, tena vibaya. Pigo la Scald hana tena, na Recover (ya kujirudishia damu) imepunguzwa kutoka PP 10 hadi 5 (PP ni idadi ya mara unazoweza kuitumia), yaani ukishamjaza PP Up anazo 8 badala ya 16. Roost, Soft-Boiled na Slack Off nazo zimekatwa hivyohivyo, kwa hiyo Blissey na Corviknight wanalia kilio kimoja naye. Anayeishi kwa kumchosha mpinzani sasa anachoka yeye kwanza.

Cinderace: Libero, uwezo wake wa kugeuka aina ya pigo analorusha, inafanya kazi mara moja tu kila anapoingia uwanjani. Kwenye mechi za wawili sioni sababu ya kumpa nafasi.

Regieleki ni kesi ya kuchekesha. Transistor, uwezo wake wa kukuza mapigo ya umeme, imeshushwa kutoka x1.5 hadi x1.3, hivyo Thunderbolt iliyokuwa na uzito wa 202 (90 x 1.5 x 1.5) sasa ni 175. Ila zamani aina ya Ground ilimzima kabisa. Leo mpe Tera ya Ice na Tera Blast (pigo linalofuata aina ya Tera): 80 x 1.5 ni 120, na Garchomp anaipokea mara nne. Mimi namhesabu aliyepanda.

Rillaboom kashuka. Nguvu ya pigo lake la Grassy Glide imetoka 70 hadi 55.

Bi_Mvua

KasiNdogo, kwa Rillaboom umekata hesabu katikati. Zamani ndani ya Grassy Terrain (uwanja wa nyasi unaokuza mapigo ya Grass x1.3) ilikuwa 70 x 1.5 x 1.3, karibu 136. Sasa bila Tera ni 107, sawa, kashuka. Lakini mfanyie Tera ya Grass: 55 x 2 x 1.3 ni 143. Anarudi pale alipokuwa na chenji inabaki. Gharama yake ni kwamba Tera ya timu nzima imeishia kwake. Na Fake Out anayo, ambayo wewe mwenyewe umesema imepanda bei.

Mgeni, wa kuogopa kwanza ni Flutter Mane. Takwimu zake za msingi ni 55 kwa HP, Attack na Defense, halafu 135 kwa Special Attack, Special Defense na kasi. Kwenye level 50 akiwa Timid (asili ya kuongeza kasi) na EV (pointi za mafunzo) zote 252 kwenye kasi anafika 205, na kifaa cha Booster Energy kikilipuka anagonga 307. Hapo kuna kosa la kawaida sana: Protosynthesis, uwezo wake unaoamshwa na jua au Booster Energy, inapandisha takwimu iliyo juu kuliko zote, haikuulizi unataka ipi. Mtu anamfuga Timid akitarajia nguvu zaidi, kumbe kasi ni 205 na Special Attack ni 187, basi inapanda kasi. Ukitaka nguvu, mfanye Modest (asili ya kuongeza Special Attack): Special Attack inakuwa 205, kasi 187, na nyongeza ya asilimia 30 inakwenda kwenye pigo. Ukimtoa uwanjani nyongeza imepotea na Booster Energy hairudi. Ndiyo maana Torkoal naye kapanda bila kuguswa namba hata moja: jua lake linawaamsha wenye Protosynthesis bila kula hiyo Booster Energy.

Wa pili ni Iron Hands. HP ya msingi 154, ambayo ukiijaza inafika 261 kwenye level 50. Ana Fake Out, ana Drain Punch ya kujirudishia damu, na ndani ya Trick Room kasi yake ndogo ni faida tupu.

Wa tatu, Gholdengo. Uwezo wake, Good as Gold, unakataa mapigo yote yasiyo ya madhara anayorushiwa: Spore (unga wa usingizi), Taunt, Will-O-Wisp, Parting Shot. Kwenye mmoja kwa mmoja hata Defog (ya kufagia miiba) ukimwelekezea inagonga mwamba, kwa hiyo miiba iliyotandazwa upande wako inabaki pale pale. Hiyo nayo imemzika Corviknight, mtumiaji wa Defog, zaidi ya hizo PP.

Kinyonga

Amoonguss mmemruka, na ndiye anayehitaji maelezo. Yeye mwenyewe hajaharibika, ila Spore si ya kurusha kwa kujiamini tena. Tera hufanyika baada ya watu kubadilishwa na kabla ya pigo lolote la zamu hiyo. Kwa hiyo unambonyezea Iron Hands Spore, anageuka Grass, aina isiyoshikwa na unga, mbele ya macho yako, Spore inapita bure, na Rage Powder (ya kuvuta mapigo kwa Amoonguss) nayo haimvuti tena. Mpige usingizi yule asiye na sababu ya kufanya Tera, au subiri Tera yao itoke kwanza. Na akiwa wa Trick Room, angalia IV (kipaji cha kuzaliwa, 0 hadi 31) ya kasi: ikiwa 0 na asili ya kupunguza kasi anakuwa na 31, ikiwa 31 anakuwa na 45. Bottle Cap, kifaa cha kukuza IV, inapandisha tu, haishushi, kwa hiyo mwenye IV mbaya ya kasi usimtupe.

Waliopanda kimyakimya ni wale wazee waliopata hatua mpya. Bisharp anakuwa Kingambit: Attack 135, na Supreme Overlord inamwongezea asilimia 10 kwa kila mwenzake aliyezimia, hivyo muweke wa mwisho. Primeape anakuwa Annihilape baada ya kutumia Rage Fist mara 20 kisha kupanda level. Pigo hilo linaanza na 50 na kuongezeka 50 kila anapopigwa, mwisho 350. Girafarig kawa Farigiraf, na Armor Tail yake inazima mapigo ya kipaumbele kwa upande wake wote, Fake Out ikiwemo. Aina ya Ice nayo imepumua: mvua ya mawe imekuwa theluji, haiumizi mtu, na inawapa Ice Defense x1.5.

Kuhusu kuhamisha: anayetoka Sword kupitia Pokémon HOME (programu ya kuhamishia Pokémon) huja na Tera ya mojawapo ya aina zake. Kuibadilisha nenda mji wa Medali, mgahawa wa Treasure Eatery, mpe mpishi Tera Shard 50 za aina unayotaka. EV 252 ni vitamini 26 za aina moja, 10,000 kila moja pale duka la Chansey Supply.

mgeni_wa_Paldea

Asanteni sana. Dragonite je? Nimesoma kwamba Tera ya Normal ndiyo yenyewe. Nilikuwa nafikiri kumpanga na Garchomp.

KasiNdogo

Bi_Mvua, Rillaboom nimekubali.

Mgeni, Dragonite kapanda kuliko wote kwenye orodha yako. Extreme Speed ni 80, kwa Tera ya Normal inakuwa 120, na kipaumbele chake ni +2: inapita mbele ya Sucker Punch na Grassy Glide zenye +1. Ghost haiumizwi nayo kabisa, kwa hiyo Flutter Mane na Gholdengo watakuangalia tu. Na Drain Punch ya Iron Hands, iliyokuwa ikimpata nusu, inageuka mara mbili.

Kwa Garchomp, hapo ndipo pa kuangalia. Akishakuwa Normal, Dragonite si wa Flying tena, yuko chini. Earthquake ya Garchomp wako inampiga na yeye, na Multiscale (kinga yake ya kupunguza pigo akiwa na damu kamili) inavunjika hapohapo kabla adui hajamgusa. Mpe Garchomp Stomping Tantrum, inapiga mmoja tu. Au Dragonite afanye Tera ya Flying: Earthquake inaendelea kumpita, Tera Blast inakuwa 80 x 2, yaani 160, na Ice iliyokuwa mara nne inashuka hadi mara mbili. Ila Wild Charge ya Iron Hands itamuuma, maana kinga ya Dragon dhidi ya umeme imeondoka.