Nikiacha kutamani, nitakuwa huru?

Fundi wa Gikomba: Nilikuwa na cherehani moja na usingizi mzuri. Nikakopa, nikaongeza mbili. Sasa kila Ijumaa ni kama namshonea aliyenikopesha. Mke wangu anataka turudi kwa moja. Huko ni kuridhika, ama ni woga tu?

Mzee wa Kariobangi: Kijana wangu, mwanafalsafa wa kale Epictetus, aliyekuwa mtumwa Roma, alifundisha kwamba uhuru haupatikani kwa kushibisha tamaa bali kwa kuiondoa. (Karo ya shule hakulipa, lakini.)

Mama Kayole: Uza moja, ubaki na mbili. Mimi niliuza pikipiki ya mkopo. Natembea hadi Donholm, ila simu ikilia naishika bila hofu.

Fundi wa Gikomba: Mteja nimempata. Mbona naumia hivi?