Binti yangu anaamini midoli inaongea kama kwenye katuni ya Doc McStuffins. Nimwambie ukweli?

Mama wa Tabata:
Wapendwa, naomba ushauri. Binti yangu ana miaka 4 na ana pumu. Zamani akiiona tu maski ya dawa alilia mpaka kutapika. Tangu aanze kuangalia Doc McStuffins, yule mtoto wa kike mweusi anayetibu midoli kwenye kibanda cha uani, amefungua kliniki chini ya meza yetu. Dubu wake amejaa plasta.

Shida ilianza Jumamosi. Bibi alimfua dubu, akamwanika kwa vibanio viwili vya masikioni. Mtoto alipiga kelele, "Anaumia, mshusheni!" Usiku akaniuliza mbona dubu haongei. Kwenye katuni, Doc akivaa stetoskopu yake midoli inaamka, na akitokea mtu mwingine inakauka, haisogei wala haisemi. Sasa ananifukuza chumbani, eti mimi ndiye ninayemkausha dubu. Nimweleze, au nimwache?

Nesi wa Wodi ya Watoto:
Mwache, dada. Kazini kwangu mdoli huvaa maski kwanza, mtoto anafuata. Mpe maski amvalishe dubu mwenyewe, bila kubonyeza dawa. Na hiyo katuni inawahusu hasa: Chris Nee, aliyeibuni, wazo lilimjia kwa sababu mwanawe alikuwa na pumu na hospitali zilimtisha. Ilianza kuonyeshwa 2012. Mtazameni pamoja yule Chilly, mtu wa theluji anayeogopa kuyeyuka na huku ni mdoli tu. Doc hamcheki hata siku moja, anamtuliza upya kila mara.

Baba wa Wawili:
Mchezo sawa, ila dawa za kweli ziwekwe juu kabatini. Wangu alimnywesha mdoli dawa ya kikohozi, kisha akaionja mwenyewe. Siku ile nilikimbia naye hospitali.

Bibi wa Pangani:
Wanasesere wetu tulishona kwa vipande vya kanga kuukuu, tukawaoza kwa mahari ya kokwa za embe. Walikuwa wakisema nasi, na hakuna mkubwa aliyetukatalia. Bibi yake amwombe dubu radhi, mwanangu.

Mama wa Tabata:
Asanteni sana. Inhela yake ya pumu imepanda juu ya kabati. Bibi ameomba radhi, tena kwa kupiga magoti, na mtoto akamjibu kwa niaba ya dubu kwamba amesamehe. Mimi sasa napiga hodi mlangoni ili mgonjwa ajiandae.

Jana usiku kifua kilimbana. Akasema dubu aanze. Dubu akavaa maski, akahesabiwa pumzi tano. Kisha mwanangu akaivaa mwenyewe, akavuta dawa yake yote bila chozi, na mimi nimemshika mgongo. Doc ana kitabu kikubwa anamoandika magonjwa ya midoli kwa majina ya kujitungia, kwa hiyo asubuhi hii nimeletewa daftari niandike. Dubu, mgonjwa wa kwanza: homa ya vibanio.