Supreme Team hawakuwa waitikiaji wa Malcolm McLaren: nimechoka na upotoshaji huu

Ndugu wanajukwaa,

Jumamosi iliyopita usiku, mtangazaji wa kipindi kimoja cha muziki wa zamani, ambacho sitakitaja, alipiga "Buffalo Gals" ya mwaka 1982 na kuisifu kuwa ni kazi ya Malcolm McLaren peke yake. Nilipopiga simu kumkumbusha kwamba wimbo ule ulitoka kwa jina la Malcolm McLaren na World's Famous Supreme Team, alinijibu kuwa hao walikuwa waitikiaji tu, kisha akaniwekea tangazo la sabuni.

Waitikiaji! Sedivine the Mastermind na Just Allah the Superstar, ambao ndio Supreme Team wenyewe, walikuwa watu wa redio kabla McLaren hajawasikia. Kipindi chao kilirushwa na WHBI, masafa ya 105.9 FM, kituo cha Newark, New Jersey, kilichosikika hadi New York. Pale mtangazaji hakusubiri kuajiriwa: alinunua muda wa hewani, akahangaika mwenyewe kurudisha gharama zake, na ndiyo maana rap ilipata mlango hapo wakati vituo vikubwa vikiikwepa. Wawili hao walikesha wakikwaruza santuri, wakighani, wakipokea simu za wasikilizaji waliotaka kusalimia jamaa zao wa mtaani. Sauti hiyo ndiyo McLaren, aliyewahi kuwa meneja wa Sex Pistols, bendi ya punk ya Uingereza, aliyoikuta New York akaitamani.

Anayebisha aisikilize albamu ya "Duck Rock" ya mwaka 1983 kwa utulivu, tangu mwanzo hadi mwisho, bila kurukaruka. Muziki wenyewe unatoka magitaa ya Afrika Kusini, unakwenda kwenye ngoma za Karibiani, unarudi New York, na kinachofanya safari hiyo ishikamane si uimbaji wa McLaren, ambaye kwa kweli hakuwa mwimbaji, wala si ufundi wa mtayarishaji Trevor Horn peke yake, ingawa ufundi huo siudharau. Ni kile kipindi cha redio kilichopachikwa kati ya wimbo na wimbo: msikilizaji anapiga simu, anajitambulisha, anataniwa, kisha mapigo yanaingia. Viondoe vipande hivyo, utabaki na kanda za mtalii. Halafu tazama jalada: redio kubwa iliyovishwa pembe, nyuma yake michoro ya Keith Haring, na jina la McLaren. Redio imewekwa mbele, wenye redio wamewekwa kando.

Wala hawakuwa peke yao kuwekwa kando. "Double Dutch", wimbo mwingine wa albamu hiyo, uliofika nafasi ya 3 Uingereza, ulichotwa kutoka "Puleng" ya Boyoyo Boys wa Afrika Kusini, mpaka wakafikishana kwa wanasheria na kumalizana nje ya mahakama.

Mwaka 1984 Supreme Team walitoa "Hey DJ" kwa jina lao wenyewe, na hapo ndipo hoja ya uitikiaji inapokufa. Miaka 13 baadaye Mariah Carey aliijengea juu yake "Honey", ambayo iliingia moja kwa moja nafasi ya 1 katika chati ya Billboard. Katika orodha ya watunzi wa "Honey" wamo Larry Price na Ronald Larkins, ambao ndio watangazaji wetu hao wawili kwa majina yao ya kuzaliwa. McLaren naye yumo, bila shaka. Huyo hakukosekana popote palipokuwa na mirabaha.

Sikatai kwamba bila ujanja wake huenda London isingewasikia mapema hivyo. Lakini kumpa mfadhili sifa ya fundi ni dhuluma, na inauma zaidi inapofanywa na mtangazaji dhidi ya watangazaji wenzake.

Nimemwandikia meneja wa vipindi wa kituo hicho nikitaka Jumamosi ijayo wimbo upigwe tena na wahusika wote watajwe. Mwenye santuri halisi ya "Buffalo Gals" naomba apige picha ya lebo ya katikati, aiweke hapa, niiambatanishe na barua ya pili.