Tupeane uzoefu: mliosomea ualimu wa sayansi na hisabati kwa mkopo au ufadhili, mlifikaje hadi darasani?

Mwalimu wa Igoma

Ndugu zangu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa hisabati hapa Mwanza, na kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, sebule yangu hugeuka ofisi. Wanakuja vijana wa michepuo ya sayansi, PCM (fizikia, kemia, hisabati), PCB (fizikia, kemia, baiolojia) na CBG (kemia, baiolojia, jiografia), wengine wameongozana na mama zao, na swali lao ni lilelile: "Mwalimu, nikichagua ualimu nitapata ufadhili?" Nimeona nifungue uzi huu ili wao na wazazi wao wasome maneno ya watu walioipita njia hiyo, kwa sababu miongozo inamweleza mtu masharti lakini haimwelezi anachokutana nacho tangu siku ya kuomba hadi siku ya kushika chaki.

Nitangulize jambo linalowachanganya wazazi wengi. Fedha zinazotolewa na Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, ni deni, na mwajiriwa hulirudisha kwa makato ya asilimia 15 ya mshahara wake wa msingi. Ufadhili usiorudishwa ni kitu kingine, mfano wake ukiwa ule wa Rais Samia ulioanza mwaka wa masomo 2022/2023 kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita, na hao ni wachache. Wengi wetu tulikwenda kwa mkopo, na nafuu yetu ni kwamba kwa miaka mingi programu za ualimu wa sayansi na hisabati zimewekwa katika kundi la kwanza la vipaumbele.

Naanza na langu. Nilimaliza PCM mwaka 2012 nikitamani kusomea takwimu, lakini baba alikuwa mvuvi wa Kayenze mwenye watoto saba, na ualimu wa hisabati ndio ulioonekana kuwa na mlango mpana zaidi wa mkopo. Nakiri kwamba niliufuata mkopo, sikuufuata ualimu. Ualimu wenyewe uliponivuta ni mwaka wa pili, katika mazoezi ya kufundisha, nilipokuwa nimekwama na kidato cha kwanza kwenye kutoa namba hasi. Nilikuwa nimeandika 5 − (−2) ubaoni na darasa zima limekaa kimya. Nikakumbuka wavu wa baba. Nikawaambia maboya ni chanya na mawe ni hasi, kisha nikauliza wavu unafanya nini ukiondoa mawe mawili. Binti mmoja wa nyuma, ambaye hakuwahi kunyoosha mkono, akasema, "Unapanda, mwalimu," na hapohapo akaja mwenyewe ubaoni kuandika 7. Tangu siku hiyo sijawahi kutamani takwimu tena.

Karibuni. Nawaomba tubaki kwenye mada.

Binti wa Nansio

Shikamoo mwalimu. Mimi nilisomea kemia na baiolojia kati ya mwaka 2017 na 2020, na yangu yana sehemu mbili.

Ya kwanza ni ya vyeti. Cheti changu cha kuzaliwa kiliandikwa jina la baba kwa "r" na cheti cha kidato cha nne kikaandikwa kwa "l", jambo ambalo sisi tunaotoka kanda hii tunalijua vizuri, kwa sababu anayetamka na anayeandika husikia sauti moja. Nyumbani hakuna aliyewahi kuliona kuwa ni tatizo. Nililigundua siku kumi kabla ya dirisha la maombi kufungwa, na siku hizo zote ziliishia katika kupanda meli kwenda Mwanza, kumtafuta wakili wa kuniandalia hati ya kiapo, kurudi kwa mwenyekiti wa kijiji kupata saini yake, na kungoja RITA, wakala wa serikali wa kusajili vizazi na vifo, wahakiki. Niliwasilisha ombi siku ya mwisho saa nne usiku kwa simu ya kaka yangu. Kwa hiyo namshauri kila aliye kidato cha tano avitandaze vyeti vyake vyote juu ya kitanda leo, asome majina herufi kwa herufi, pamoja na majina ya wazazi.

Ya pili ni ya mazoezi ya kufundisha. Nilipangiwa shule ya kisiwani, nikafurahi mno kwa kuwa ni karibu na kwetu, nikawahi meli bila kusaini fedha za mazoezi pale chuoni. Kosa lilikuwa langu. Wenzangu walipopata zao, mimi nilikaa wiki tatu kati ya nane nikimtegemea mama mwenye nyumba, mjane anayeanika dagaa, ambaye jioni alinipa ugali na asubuhi akanipa uji, na hakuniuliza hata mara moja hela itaingia lini. Nilipolipwa nilimpelekea fedha, akachukua ya unga tu.

Katika wiki hizo nilijifunza kufundisha kemia bila maabara. Bureti, ule mrija wa kupimia na kudondoshea kimiminika, ilikuwa moja na imevunjika mdomo. Tulitumia sirinji mpya ya mililita kumi kutoka zahanati, maji ya limau kama asidi, maji ya majivu yaliyochujwa kwa kitambaa kama besi, na choya iliyochemshwa kama kiashiria. Mwanafunzi alikuwa akidondosha maji ya majivu tone kwa tone, na wekundu ulipoanza kugeuka kijani darasa lilipiga kelele hadi mwalimu wa zamu akaja kuuliza kulikoni. Chuoni nilikuwa nimefanya jaribio hilo kwa vifaa kamili, lakini kule ndiko nilikolielewa.

Mwalimu wa Igoma

Marahaba, dada. Hili la kusaini kabla ya kuondoka nimelinakili, kwa maana kila mwaka lazima nimsikie mmoja aliyelisahau.

Mstaafu wa Bwiru

Wanangu, mimi ni wa zamani kidogo. Wakati wetu, serikali ilibeba gharama zote za chuo kikuu. Sera ya kuchangia gharama ilianza kutekelezwa mapema miaka ya 1990 na mikopo ikafuata mwaka 1994, nasi tukawa tumeshapita. Tulipewa chakula, malazi, vitabu, na tiketi ya treni ya daraja la tatu kutoka Mwanza hadi Dar es Salaam, safari ya siku mbili tukibahatika. Kwa upande mwingine, hatukuchagua kituo. Barua ilikuja, ukafungasha. Mimi nilipelekwa mkoa ambao sikuwa na ndugu wala jamaa, nikafundisha fizikia huko miaka kumi na moja.

Nasema haya kwa sababu nasikia vijana wakisema mkopo ni mzigo, na ni kweli kwamba ni mzigo, lakini uzito ambao mimi niliuona katika taaluma hii haukuwa wa fedha za masomo. Ulikuwa upweke wa mwalimu mmoja wa fizikia katika shule yenye mikondo minne, asiye na wa kumuuliza hata kama hesabu yake ya mwanga imekaa sawa. Anayewafadhili walimu wa sayansi angewapeleka wawili wawili.

Fizikia Sengerema

Nakubaliana na mzee wangu, na ningependa kuongeza jambo nililolisoma kuhusu wenzetu. Marekani kuna ufadhili wa wanaosomea ualimu wa sayansi na hisabati unaoitwa kwa jina la Robert Noyce, mmoja wa waliovumbua saketi unganishi, yaani chipu za kompyuta, na mpango huo umo katika sheria yao ya mwaka 2002. Anayefadhiliwa hufundisha miaka miwili kwa kila mwaka aliolipiwa, katika wilaya zenye uhitaji mkubwa, na asipotimiza, fedha ile hugeuka mkopo wa kulipa. Mimi ningesaini mkataba wa namna hiyo bila kusita. Ningefundisha visiwani, Ukara au Kome, miaka sita, nikitoka sina deni, badala ya kukatwa asilimia 15 kila mwezi nikiwa huko huko kijijini.

Kuhusu makato, lipo jambo jema la kukumbuka. Mei Mosi ya mwaka 2021 nilikuwa uwanja wa CCM Kirumba, tumesimama walimu wengi juani, Rais Samia alipotangaza kufuta tozo ya asilimia 6 iliyokuwa ikiongezwa kwenye deni kila mwaka kwa jina la kulinda thamani ya fedha. Kabla ya hapo nilikuwa nakatwa, na nikiangalia salio naliona halishuki kama nilivyotarajia. Mwenzangu aliyekuwa kando yangu alitoa simu akaanza kupiga hesabu palepale. Sasa salio langu linashuka, na ninajua mwezi nitakaomaliza.

Binti wa Nansio

Kaka wa Sengerema, mkataba huo nami naupenda, ila uandikwe pamoja na nyumba ya mwalimu na maabara. Bila hivyo, mtu atahesabu miaka kama anayetumikia kifungo, na wanafunzi watajua.

Mkulima wa Magu

Yangu ni fupi. Nilipata mkopo, nikahitimu hisabati na fizikia mwaka 2018, nikakaa miaka minne bila ajira, nikijitolea katika shule ya kata kwa nauli tu na kulima mpunga. Vijana waambiwe ukweli kwamba kipaumbele cha mkopo si ahadi ya ajira. Sijutii, kwa kuwa hatimaye nimeajiriwa, lakini miaka ile minne ilikuwa migumu, na ningependa mtu angeniambia mapema niweke akiba kidogo ya bumu, ile fedha ya kujikimu ya mkopo.

Mzazi wa Kisesa

Mwalimu, shikamoo, na poleni na kazi. Mimi ni mama wa binti aliyemaliza PCB mwaka huu na anautaka ualimu kwa moyo wake. Baba yake alifariki binti akiwa darasa la tano. Tumo katika kaya maskini zinazosaidiwa na TASAF, Mfuko wa Maendeleo ya Jamii. Karatasi niliyonayo ya msiba ni kibali cha kuzika tu. Je, kinatosha kwa ombi lake la mkopo?

Mwalimu wa Igoma

Marahaba, mama, na pole kwa msiba, hata kama ni wa miaka mingi. Kibali cha kuzika hakitoshi, kinachotakiwa ni cheti cha kifo, na nacho ni lazima kihakikiwe na RITA kama kile cha kuzaliwa. Lakini kibali hicho usikitupe, kwa sababu ni moja ya vielelezo utakavyokwenda navyo ofisi ya Mkuu wa Wilaya kuomba cheti chenyewe. Uende pia na kitambulisho chako. Namba ya kaya yenu ya TASAF iandikeni pembeni, kwa maana fomu itaiuliza, nayo humsaidia sana mwombaji. Binti aje Jumamosi saa tatu na namba yake ya mtihani wa kidato cha nne, tuanze sehemu zisizohitaji cheti hicho wakati wewe unakifuatilia.

Mzazi wa Kisesa

Asante sana, mwalimu. Kibali kiko kwa shemeji yangu Geita. Kesho alfajiri napanda gari kukifuata, na Jumamosi binti atakuwa kwako.