Naomba ushauri: nichukue bastola ya kulinda familia au niachane nayo?

Wakuu, habari za jioni. Nafanya biashara ya mahindi soko la Kibaigwa, naishi Mkonze hapa Dodoma. Wiki mbili zilizopita, saa nane usiku, wezi walikata nondo za dirisha la sebuleni. Tukapiga kelele, majirani wakatoka na marungu, wezi wakakimbia. Ila mwanangu wa miaka sita mpaka leo halali bila taa. Mbwa akibweka tu, ananing'ang'ania mkono.

Nawaza kuomba kumiliki bastola. Najua Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka leseni, na nipo tayari kufuata taratibu zote. Mke wangu hataki kabisa. Anasema mtoto aliyegundua ninapoficha funguo za pikipiki atagundua na bastola. Kusema kweli, hapo ananishinda. Na nikiifungia kwenye sefu, usiku kama ule gizani ningeifikia saa ngapi?

Mnaomiliki silaha, mnaitunzaje nyumbani penye watoto? Au hela hiyo nijengee ukuta na kuweka taa za nje? Msimu wa mavuno nitakuwa nalala Kibaigwa, nyumbani anabaki mama na watoto peke yao. Naombeni mnishauri.