Talaka imekuja kwa WhatsApp, na dhahabu yangu imo kwenye boti. Nianzie wapi?

BintiLangoni: Assalamu alaikum. Mume amenitumia ujumbe: "Nimekuacha." Siku hiyo hiyo nikajua ameoa Malindi kitambo. Bangili zangu za mahari ziliuzwa tukanunulia mashine ya boti lake. Sasa wakwe wanataka nihame. Nifanye nini kwanza?

UmmuMkomani: Waalaikum salaam mwanangu, pole sana. Usihame. Eda hukaliwa katika nyumba mliyokuwa mkiishi. Aya ya kwanza ya Suratut Twalaq imekataza mke kutolewa. Ujumbe nao usiufute hata ukikuchoma. Piga picha ya skrini ionyeshe nambari, tarehe na saa, uichapishe, na simu yenyewe uitunze, maana huenda ikatakiwa mahakamani.

Kisha nenda kwa Kadhi hapo Lamu na kitambulisho na cheti cha ndoa. Kwa madhehebu ya Shafii, talaka ya maandishi hupita kwa nia ya mwandishi, kwa hivyo mumeo ataulizwa: ulikusudia? Talaka ngapi? Ikithibiti, eda yahesabiwa tangu siku aliyoandika, si siku ya kesi, na hapo ndipo wengi hukosea. Kama ulikuwa twaharani, yaani huna hedhi, twahara hiyo ni ya kwanza, na eda huisha hedhi ya tatu ikianza. Ukiwa na mimba, ni mpaka ujifungue. Ikiwa ni talaka moja, masurufu ya eda yote ni juu yake, na ndani ya muda huo aweza kukurejea bila akdi mpya.

NahodhaMatondoni: Dada, mahari ni mali yako, hilo halina ubishi. Kazi iko kwenye swali hili: bangili ulimpa, ulimkopesha, au mlishirikiana? Hiba, yaani zawadi, ni ngumu kuidai. Ukisema mkopo, yeye akakana nawe huna ushahidi, ataapa na dai litaanguka. Tafuta risiti ya sonara yenye gramu, risiti ya mashine, taarifa ya M-Pesa ya miezi ile, na waliokuwepo mkikubaliana. Tarehe za risiti mbili hizo zikifuatana, dai lako lina mashiko.

BintiLangoni: Ahsanteni. Na hiyo ndoa ya Malindi? Hilo ndilo linaloniua.

UmmuMkomani: Najua, mwanangu. Lakini Sheria ya Ndoa ya Kenya ya 2014 yamruhusu Mwislamu kuongeza mke. Ukiufanya usaliti huo ndio dai lako, utatoka mikono mitupu. Lilia kwa mamako na mashoga zako, ulie mpaka upoe. Kwa Kadhi taja masurufu, mahari iliyosalia kama ipo, kitoka nyumba (kitu apewacho mke akiachwa), na bangili.

NahodhaMatondoni: Laini yako imesajiliwa kwa jina la nani? Ikiwa ni lake, aweza kuifunga, na M-Pesa yako ikapotea nayo. Chukua taarifa leo, kabla hajapata wito wa mahakama.